Kamba ya Kupandishia Nyundo

Nchi ya Shwarini iko mbali sana. Iko mbali kiasi kwamba msomaji akiona inafanana na kwao, basi ajue macho yake yamechoka, akapumzike. Wanaoisimulia ni watu waliotoka huko mbio, na mtu anayekimbia huenda akasahau jambo moja mawili, lakini haya yafuatayo wote wameyasimulia sawasawa.

Serikali ya Shwarini iliwapenda raia wake kupita kiasi. Kwa mapenzi hayo ikaamua kujenga jengo la ghorofa tisa, jina lake Kasri la Usalama Kazini. Humo wangekaa maofisa elfu moja wa Wizara ya Usalama, Ngazi na Mambo ya Juu, kila mmoja na kiti chake cha kuzunguka, wakiwalinda wafanyakazi wa nchi nzima wasiumie. Wakati tunaoanzia, jengo lilikuwa limefika ghorofa ya nne, na watu saba walikuwa wameshavunjika viungo mbalimbali katika kulijenga. Wizara ilisikitika sana. Ilisema ajali hizo ndizo zinazoonyesha jinsi jengo linavyohitajika.

Kuta za ghorofa ya nne zilikuwa zikijengwa na Mize binti Faki, mwashi wa miaka arobaini na miwili, mwanamke mwenye viganja vigumu na mdomo usiopenda kuzungukazunguka. Chini kabisa, penye ngazi, mdogo wake Ngwali alikuwa akikoroga saruji. Nani aliyewapanga hivyo hajulikani, lakini maana yake ilikuwa wazi: chochote kilichomponyoka Mize huko juu kilikuwa na njia moja tu ya kwenda, na njia hiyo iliishia kwenye utosi wa Ngwali. Mama yao alipofariki alimwachia Mize vitu viwili, cherehani na Ngwali, na cherehani ilikuwa imeshakufa. Kwa hiyo kila alipopanda ngazi, Mize alikuwa na hofu moja, na hofu hiyo ilikuwa na jina na ilikuwa imevaa shati la bluu.

Hapo kwanza jambo hili halikuwa na shida yoyote. Mafundi walikuwa na kamba na ndoo tupu ya rangi. Nyundo, mwiko, tindo, pimamaji, vyote hutiwa ndooni. Fundi hupanda ngazi mikono mitupu, akifika juu akavuta ndoo yake polepole, na aliye chini akakaa kando mpaka ifike. Ni kazi ya dakika moja, na hakuna aliyewahi kupewa cheti kwa kuijua. Lakini siku ya kuweka jiwe la msingi, Wizara iliona haja ya kuwatenga wageni waheshimiwa na vumbi la vibarua, na kilichokuwa karibu ni ile kamba. Ikazungushwa kwenye viti vya mbele. Sherehe ilipokwisha, kamba ikaondoka pamoja na viti, ndoo ikabaki peke yake penye ngazi.

Mafundi walichangishana wakanunua nyingine dukani. Ikanyang'anywa asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa ni kifaa kisichosajiliwa. Tangu hapo wakawa wanapanda na zana mwilini: nyundo kiunoni, mwiko menoni, tindo mfuko wa nyuma. Mize aliandika barua kuomba kamba iliyosajiliwa. Akaandika ya pili kuikumbusha ile ya kwanza. Ya tatu alisaidiwa na mwalimu wa chuo cha ufundi, ikatiwa maneno makubwa, na hiyo ndiyo iliyojibiwa. Wizara ilimpongeza kwa mwandiko.

* * *

Siku Mheshimiwa Dakta Pandu Shingwa, Waziri mwenyewe, alipokuja kukagua jengo, Mize alikuwa kwenye kipago cha mwisho cha ngazi. Nyundo ikamchomoka kiunoni. Akafanya anachofanya mwashi yeyote wa Shwarini: akapiga ukelele wa neno moja.

"Kichwa!"

Neno hilo mafundi wa huko wanalo tangu walipoanza kujenga kuta ndefu kuliko mtu. Ukilisikia huulizi ni cha nani, hutazami juu, unakimbilia ukutani na kujibandika kama tangazo. Ngwali alikuwa ukutani kabla sauti haijaisha. Vibarua wote walikuwa ukutani. Waliobaki katikati ya uwanja ni Waziri na msafara wake, wameinua nyuso kumtafuta anayeita. Nyundo ikatua kwenye sinia la sambusa, hatua mbili kutoka kwenye tumbo la Waziri.

Nchi ikayumba. Redio ya taifa ikakatisha muziki. Nyundo ikakamatwa, ikapigwa picha ya mbele na ya ubavu, ikawekwa rumande pamoja na sambusa kumi na nane za ushahidi. Nyundo ipo hadi leo. Ushahidi haukufika jioni. Lakini Waziri hakuwa na kinyongo na nyundo.

"Nyundo ina adabu zake," aliwaambia waandishi wa habari, huku daktari akimpima mapigo ya moyo. "Imeanguka kimya kimya. Mimi nimeumizwa na lile neno. Nimesoma miaka ishirini na sita, nina shahada nne, halafu mtu aliye ngazini ananiita kichwa? Mimi si ng'ombe wa mnadani."

Basi chanzo cha ajali kikawa kimepatikana. Wiki hiyo hiyo neno lile lilipigwa marufuku kwenye majengo yote ya Shwarini, na mahali pake likaletwa Tamko Rasmi la Tahadhari, ambalo kila fundi alitakiwa kulikariri na kulitamka kwa ukamilifu kila zana inapoanguka. Lilisema hivi: "Ndugu mfanyakazi mwenzangu uliye upande wa chini, kwa heshima na taadhima napenda kukujulisha kwamba kifaa cha kazi kilichokuwa chini ya uangalizi wangu kimeondoka mahali pake na kiko njiani kuelekea ulipo, tafadhali chukua hatua stahiki."

Wataalamu walikaa hotelini siku kumi na moja kulitunga. Katika siku zote hizo hawakuangusha hata kijiko ili wajaribu.

* * *

Aliyeletwa kusimamia utekelezaji alikuwa Bwana Zakaria Lyembe, Afisa Usalama, mtu wa helmeti nyeupe isiyojua vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa nyaraka, na penye waraka yeye hakuona sababu ya kutazama kitu kingine. Aliwakusanya mafundi penye ngazi akawasomea nyaraka mbili zilizofika kwa bahasha moja.

Waraka wa Idara ya Ngazi ulisema kwamba mpandaji atashika ngazi kwa mikono yote miwili, wakati wote, bila udhuru. Mize alitikisa kichwa kukubali. Huo ulikuwa ukweli mtupu, na alishangaa kuusikia ukitoka Wizarani.

Waraka wa Idara ya Zana ulisema kwamba zana itabebwa kwa mikono yote miwili, wakati wote, bila udhuru, na ni marufuku kuiweka kiunoni, mfukoni, menoni, kwapani au kichwani.

Mafundi wakatazamana.

"Bwana Afisa," akasema Mize, "miwili ya ngazi, miwili ya nyundo. Hiyo ni mikono minne."

"Hesabu yako ni sahihi, mama."

"Mimi ninayo miwili."

Bwana Lyembe alipekua karatasi zake mbele na nyuma. "Hapa sijaona panapozungumzia idadi ya mikono ya fundi," akasema. "Hilo litakuwa la idara nyingine."

"Tupe kamba, Bwana Afisa. Kamba tu na ndoo yetu ile pale. Zana zitapanda zenyewe, sisi tutapanda mikono mitupu, na mtu wa chini atakaa kando. Nyaraka zote mbili zitakuwa zimeridhika."

"Kamba haimo kwenye waraka."

"Ngazi ilikuwamo kwenye waraka kabla hamjaileta?"

Bwana Lyembe aliandika kwamba fundi mmoja ameuliza swali zuri. Swali likapanda Wizarani, na huko halikupotea hata kidogo. Iliundwa Tume ya Mikono, wajumbe ishirini na mmoja, ikatembelea nchi sita zenye ngazi kwa miezi mitano. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia nne, na ugunduzi wake mkuu ulikuwa kwamba mfanyakazi wa kawaida ana mikono miwili, ingawa katika nchi mbili zilizotembelewa Tume haikupata muda wa kuthibitisha. Ikapendekeza Mfumo wa Mikono Minne: fundi apande ameshika ngazi, na mgongoni kwake apande Msaidizi wa Mikono ameshika zana.

"Na huyo msaidizi ataishika ngazi kwa kitu gani?" Mize akauliza.

"Kwa uzalendo," akasema Bwana Lyembe, maana ndivyo ilivyoandikwa ukurasa wa mia tatu na tisini.

Alijitolea kuonyesha yeye mwenyewe. Alimkumbatia fundi mmoja kwa nyuma, mikono miwili imeizunguka shingo ya yule maskini na kuishika nyundo mbele ya pua yake, wakaanza kupanda wakiwa wamebanana. Kipago cha kwanza walipata. Cha pili walipata kwa taabu. Kwenye cha nne fundi hakuweza kupumua wala Bwana Lyembe hakuweza kushuka, na watu sita wakaja kuwabandua. Afisa alirekebisha helmeti yake akaandika: jaribio limefanikiwa kwa kiwango cha kipago cha nne.

Ghorofa ya nne ina vipago sitini na viwili.

* * *

Kazi lakini haikungoja. Bwana Lyembe alipogeuka, mafundi walipanda kama walivyokuwa wakipanda, zana viunoni, na Mize miongoni mwao, kwa sababu ukuta usipopanda, wewe ndiye unayeshushwa. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Mafundi watatu walikuwa wameshafukuzwa kwa kusema lile neno, na Mize alijua akiwa wa nne, nyumbani hapatakuwa na chungu jikoni.

Jumanne moja tindo likamtoka mfuko wa nyuma. Alilisikia likigonga ukingo wa jukwaa na kupotea. Neno lilimjia mdomoni lenyewe, naye akamwona Bwana Lyembe amesimama pale chini na ubao wake wa karatasi, na akalimeza. Akaanza kusema lile jingine.

"Ndugu mfanyakazi mwenz..."

Tindo lilikuwa limeshafika. Lilipita sikioni kwa Ngwali, likampasua bega la shati la bluu na nyama ya chini yake, likasimama wima kwenye saruji aliyokuwa akiikoroga.

Mize alishuka ngazi bila kujua ameshukaje. Ngwali alikuwa ameketi kwenye mfuko wa saruji, amebana bega, damu ikipita katikati ya vidole.

"Kwani hukuniita, dada?" akamuuliza. Hakumlaumu. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua, na hilo ndilo lililomkata Mize maini. Miaka yote hiyo alikuwa akimwita. Siku hiyo alikuwa amechagua kazi, na alijua amechagua kazi, na hakukuwa na maji ya kuosha jambo hilo.

Bwana Lyembe alikuja akiwa amefurahi. "Nimekusikia, mama. Umelianza vizuri sana. Matamshi safi. Ila ujitahidi siku nyingine ulimalize."

Mize alimpa mgongo. Kisha alifunga bega la mdogo wake kwa kilemba chake, akavua viatu vya kazi, akaelekea Wizarani.

* * *

Ofisi ya Vitu Virefu ilimpeleka Ofisi ya Vitu Vinavyokunjika. Ofisi ya Vitu Vinavyokunjika ilikuwa na kikao. Alikaa kwenye benchi siku tatu, akawa anaagana na mlinzi jioni na kuamkiana naye asubuhi. Siku ya nne akapokelewa na bibi mmoja mnene mwenye miwani, aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi.

"Kamba," akasema yule bibi, kama mtu anayeonja. "Unajua, mama, kamba ni kitu cha hatari. Watu hujinyonga nayo. Utaweza kuleta barua ya daktari kwamba huna huzuni?"

"Huzuni ninayo," akasema Mize. "Mdogo wangu amepasuliwa bega na tindo langu mwenyewe. Lakini ningekuwa nataka kujiua, nisingesumbuka na kamba. Ningeendelea kupanda ile ngazi yenu."

Bibi aliweka kikombe chini. Kwa bahati, kijana wa itifaki alikuwa akipita na faili, akasikia. Siku ya Taifa ya Zana ilikuwa imekaribia na Waziri hakuwa na kitu cha kuzindua. Hospitali iliyotarajiwa haikuwa na paa, na daraja halikuwa na mto.

"Kamba hiyo," akauliza, "inakwenda juu?"

"Inakwenda juu na inashuka."

"Wima?"

"Labda kwenu iende mlalo."

Kijana akaandika haraka haraka. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mradi Mkubwa wa Kitaifa wa Upandishaji Zana kwa Njia ya Wima, na gazeti la serikali likaeleza kwamba wazo hilo lilimjia Waziri alfajiri alipokuwa akifanya mazoezi ya viungo.

Mize hakujali nani ameambiwa nini. Usiku huo alilala usingizi. Kamba inakuja, basi.

* * *

Kamba ilifika kwenye sanduku la kioo, kwa msafara wa magari manane, ikisindikizwa na pikipiki. Ilikuwa kamba nzuri, wanavyosema. Ya katani, nene kama kidole gumba. Mize aliishika, akaivuta, akainusa, na machozi yakamlengalenga mbele ya watu. Aliipitisha mwenyewe kwenye kapi, kigurudumu cha kuvutia kamba, juu ya ghorofa ya nne, akafunga ndoo kwa fundo analolijua, akajaza nyundo, miiko na matindo ya watu kumi. Kisha akapanda ngazi mikono mitupu, na vibarua wakaivuta ndoo kutoka chini mpaka ikafika usawa wa jukwaa. Ilipanda bila kuyumba. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu.

Itifaki ikaagiza ndoo isipokelewe kwanza. Ining'inie pale juu hadi hotuba iishe, ili wapiga picha waipate, na mwisho wa kamba ufungwe kwenye nguzo iliyopakwa rangi za bendera, mbele ya kiti cha Waziri. Kisha wakamtafuta mfanyakazi wa kusimama chini ya ndoo kuwakilisha mfanyakazi anayelindwa. Wakamchukua Ngwali, kwa kuwa bendeji ya begani ilipendeza kwenye picha. Wakamvika glavu nyeupe na kumsimamisha kando ya jiwe la msingi, amenyooka kama msumari.

"Mtoeni hapo," Mize akasema kutoka juu. "Chini ya ndoo hakai mtu." Lakini bendi ya tarumbeta ilikuwa imeanza.

Waziri alizungumza saa moja na dakika arobaini. Alieleza kwamba kuna mataifa makubwa ambayo hadi leo hayajui kamba. Alieleza kwamba zama za kubeba nyundo kama wezi zimekwisha. "Kuanzia leo," akasema, "kila nyundo ya Shwarini itapanda kwa heshima, na kila kichwa, samahani, kila sehemu ya juu ya raia, itakuwa chini ya ulinzi wa Wizara yangu." Makofi yakapigwa. Msichana akaleta mkasi juu ya mto wa hariri.

Waziri akaushika mkasi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na utepe. Katika magari manane ya msafara hakuna aliyekumbuka utepe.

Ofisa wa itifaki alijipiga paji la uso. Bwana Lyembe akasogea akamnong'oneza Waziri, na wote walioona wanasema uso wa Waziri ulinawiri. Shwarini huwezi kuzindua kitu bila kukata kitu, na hapo mbele yake, imenyooka kutoka kwenye nguzo yenye rangi za bendera, ilikuwapo kamba.

Mize aliona mkasi ukielekea nguzoni. Alipiga kelele wasikate. Alipunga mikono yote miwili. Wageni walimwona, wakapunga nao.

Waziri akakata. Kamba ilikuwa nene, ikabidi akate mara tatu, na kila mara watu wakashangilia. Ya tatu ilipokwisha, mkia wa kamba ulimruka mkononi ukaenda juu kama kitu kilichokumbuka kwao, na ndoo ikaanza safari.

Hapo hapakuwa na kuchagua tena. Mize alikuwa ameshachagua, tangu alipofunga bega la Ngwali kwa kilemba.

"Kichwa!"

Ngwali na glavu zake nyeupe alikuwa ukutani. Vibarua wote walikuwa ukutani. Ndoo ikashuka na nyundo za watu kumi, ikatua juu ya jiwe la msingi na kulipasua vipande vitatu, pale pale jina la Waziri lilipokuwa limechongwa. Vumbi likapanda. Wageni, wakidhani huo ndio mradi wenyewe, wakasimama kushangilia.

* * *

Kamati ya Nidhamu ilikaa kesho yake. Suala la kamba kukatwa halikuwamo kwenye ajenda, kwa sababu uzinduzi ulikuwa umefana. Suala lilikuwa moja: fundi Mize binti Faki ametamka neno lililopigwa marufuku, mbele ya Serikali, akiwa na uwezo wa kutamka Tamko Rasmi, ambalo kumbukumbu zinaonyesha anayo matamshi yake safi.

"Ningesema lile refu," akasema Mize, "mdogo wangu angekuwa marehemu."

Mwenyekiti wa Kamati alivua miwani. "Ndiyo," akasema kwa upole. "Lakini angekuwa marehemu aliyearifiwa."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uzito wa jambo hilo. Mize akafukuzwa kazi. Zana zake zikabaki kama vielelezo, kwa hiyo alitoka mikono mitupu, na Bwana Lyembe aliyekuwa getini aliandika kwamba huyu ndiye fundi wa kwanza kutimiza nyaraka zote mbili kwa pamoja. Akampa pia haki yake ya uzinduzi. Ile kamba ilikuwa imekatwakatwa vipande vya shubiri moja, kila aliyehudhuria akapewa kimoja cha ukumbusho, ndani ya bahasha yenye picha ya Waziri.

Ngwali alimfuata nje ya geti. "Na mimi niache kazi, dada?"

"Tukiacha wote tutakula hiki?" Akamwonyesha kile kipande cha kamba. Kisha akamshika bega, lile zima. "Sikiliza. Huko juu sasa watapanda watu waoga kuliko mimi. Nao si wabaya, wana watoto. Watasema lile refu. Wewe usilisikilize. Ukisikia mtu anasema 'Ndugu', usingoje neno la pili. Kimbia ukutani."

Ngwali akawaambia wenzake. Wenzake wakawaambia wa majengo mengine. Haukupita mwezi, hakukuwa na kibarua Shwarini asiyejua.

* * *

Mwaka uliofuata, Siku ya Taifa ya Zana, wafanyakazi elfu kumi walisombwa kwa malori mpaka uwanja wa michezo. Mize hakualikwa. Alikuwa akimjengea jirani yake ukuta wa ghala, na redio ilikuwa dirishani. Kamba ilikuwa ya jirani, ya kufungia mbuzi, na mbuzi alikuwa amepewa likizo.

Alisikia bendi. Alimsikia Waziri akitambulishwa kwa shahada zake zote, ambazo sasa zilikuwa tano. Alimsikia akikohoa na kusogea kwenye kipaza sauti. Kisha kikasikika kishindo cha ajabu, kama malori elfu yamemwaga kokoto kwa mpigo, na baada yake kimya. Mtangazaji alitafuta maneno, akasema wananchi wameitikia kwa nidhamu ya hali ya juu, na redio ikarudi kwenye muziki.

Mize akaivuta ndoo yake, akatoa mwiko, akaendelea kujenga.

Ngwali alirudi jioni. Shati lilikuwa zima, mikono mizima, ila shavu moja lilikuwa jeupe kwa chokaa ya ukuta wa uwanja. Mize alimtengea chakula, akaketi mbele yake.

"Alisema nini huyo Waziri wenu?"

Ngwali alitafuna kwanza, akameza. "Sijui, dada," akasema. "Alifika kwenye 'Ndugu' tu."